Tangazo la Karani, Paka wa Mkomani

Miye Karani, mwenye mkia nusu,
natangaza nikiwa juu ya sanduku la vitabu:
vitatu vimewasili kwa boti ya Mokowe.
Kimoja kimelowa, nimekilalia kikauke.
Cha pili chanuka gundi.
Cha tatu nimekitafuna pembe. Ni kizuri.

Na kwa wasioona tena, kama Bi Mwanashee wangu
aliyeingiwa na ukungu machoni mwaka wa pili huu,
kuna vitabu vya kusikiza, bure,
bure kama vichwa vya samaki sokoni asubuhi,
ila hivi havina mateke.

Msomaji ni Thureya, mjukuu, kule juu ghorofani,
dirisha kafunga, blanketi kalitundika mlangoni.
Punda akilia kichochoroni, huanza upya.
Mimi alinifungia nje. Nikapitia darini.
Sura ya nne, mkisikia mngurumo
mkadhani ni jenereta ya hospitali,
ni miye. Nilimpenda yule mjane wa kitabuni.

Juzi Thureya kapanda ndege, kapata kazi Eldoreti.
Usiku Bi Mwanashee akabonyeza simu,
sauti ikatoka, ile ile,
ikimeza mate pale pale.
Nikaizunguka simu. Nyuma hakuna mtu.
Hakuna harufu ya hina. Hakuna paja.

"Ndoo, Karani," akanambia, "yuwaanza."
Nikakaa.

Ilipofika sura ya nne nikamsikia paka
akinguruma mbali, ndani ya kile kisanduku,
mwenye raha zake, hajui lolote.
Nikamjibu.