Asilimia Kumi na Moja

Lori la mwisho liliteremka tarehe tisa Oktoba.
Nugzar akapiga honi mara tatu kwenye kona ya kanisa
kama mtu anayeondoka harusini na njaa yake,
kisha theluji ikaifunga njia ya Abano.
Kijiji kizima tumebaki moshi wa mabomba mawili:
langu, na la Bidzina ng'ambo ya korongo.
Tunajuliana hali kwa kutazamana moshi.

Farasi ni saba. Watano wangu,
wawili wa majirani walioshuka Alvani
kufuata shule, na bafu lenye maji ya moto.
Nguzo ya mwisho ya umeme iko huko huko bondeni.
Mimi nina paneli ya sola, upana wa mlango wa choo,
nina betri niliyoing'oa kwenye trekta mfu,
na nina mwanangu Zviad, Tbilisi, anayeuliza kila Jumapili:
"Mama, unakaa gizani kwa ajili ya nini?"

Kwa ajili ya nini.
Asubuhi napasua barafu ya hori kwa shoka.
Farasi wanakunywa, masikio yakienda mbele, nyuma,
kama wanaohesabu mafunda.
Nami nahesabu. Lurja, ishirini na mawili.
Nisla, mwenye mimba, thelathini na ushee.
Siku alipokunywa manne
nikaliweka shoka chini.

Jioni akajilaza, akainuka, akajilaza tena,
akageuka kuutazama ubavu wake
kana kwamba kuna aliyemwita kutoka ndani.
Nikaweka sikio. Tumbo la farasi mzima hunguruma
kama nyumba yenye watoto wengi.
Hili lilikuwa nyumba iliyohamwa.

Paneli ililala chini ya theluji ya siku tatu.
Betri: asilimia kumi na moja.
Ama simu, ama taa. Si vyote.
Daktari wa mifugo angenipa maneno, na pole,
na njia imefungwa, hilo nalijua bila kuambiwa.
Nikachukua taa.

Tukazunguka ua, mimi na yeye, hatamu imeganda mkononi.
Farasi mwenye msokoto haachwi alale,
alisema marehemu mume wangu, aliyelala mapema kila siku.
Mzunguko wa mia nikaacha kuhesabu, nikaanza kusema.
Nikamwambia nisiyowahi kumwambia padri:
kwamba nilimuuza mama yake, Nisla, mama yako,
na fedha zile ndizo meno haya ninayokusemeshea.
Akapumua shingoni mwangu. Sijui kama ni msamaha.
Pumzi ilikuwa na joto, nikaipokea hivyo hivyo.

Saa nane usiku taa ikafa.
Tukaendelea kwa miguu inayojua mawe yalipo.

Alfajiri akasimama ghafla.
Nikasema basi, ndiyo hivi.
Akainua mkia
na mavi yakadondoka juu ya theluji,
ya mviringo, yakifuka mvuke kama mikate.
Mwanamke wa miaka sitini na minne
akapiga magoti mbele ya mavi, akalia kwa sauti.
Ng'ambo ya korongo moshi wa Bidzina ulishapanda,
mapema kuliko desturi yake.
Alikuwa ameitazama taa yangu ikizunguka,
kisha akaitazama isionekane.

Jua lilipotoka nikaifagia paneli kwa ufagio wa zizini.
Jumapili simu ikaita.
"Umelala salama, mama?"
"Nimelala."
"Na farasi?"
"Wamekula."
Akaanza tena habari ya chumba alichonitengea,
chenye dirisha linaloangalia barabara, na lifti.
Sikumkatiza. Nilikuwa mlangoni,
Nisla kaingiza mdomo horini,
na nisingeweza kupoteza hesabu:
kumi na saba, kumi na nane,
kimya, masikio nyuma,
kumi na tisa.