Baadhi ya Maeneo

Saa tatu kamili asubuhi, kabla sijapima chai ya mtu,
napima mvua.
Namimina maji ya usiku katika bilauri yenye mistari,
nainama mpaka jicho liwe sawa na maji
kama nilivyofundishwa siku mbili kule Kisumu
na bwana mmoja mwembamba aliyesema:
"Andika ulichokiona. Usiandike ulichosikia."

Miaka kumi na moja. Daftari la nne.
Milimita nane. Ishirini na mbili. Sifuri. Sifuri. Arubaini.
Nazituma kwa simu, namba tupu, bila salamu,
na jioni redio inazirudisha zikiwa zimevaa suti:
"Mvua ya ngurumo inatarajiwa alasiri
katika baadhi ya maeneo ya magharibi na bonde la ziwa."

Baadhi ya maeneo!
Wachuma chai wa hapa Hamisi wameligeuza tusi.
Mume akiulizwa mshahara: umenyesha baadhi ya maeneo.
Mwalimu asipofika darasani: yuko baadhi ya maeneo.
Nami ni Bwana Baadhi,
na mvua ikikosa, mimi ndiye niliyeificha.

Agosti iliyopita, saa tisa na nusu,
wingu lilipanda kutoka Nandi
ghorofa juu ya ghorofa, bila fundi, bila kibali,
chini jeusi kama sufuria ya matanga.
Watu wakafunika vioo kwa shuka,
wakazima simu, wakamvua mtoto fulana nyekundu.
Radi ikapiga mara moja,
ndipo mabati yakaanza kupiga kelele ng'ambo ya mto.
Ng'ambo, si huku.
Huku ulipita ubaridi tu, na harufu ya majani yaliyopondwa.
Nilisimama juani nikiisikiliza mvua ya mtu mwingine.

Robo saa. Kisha kimya. Kisha mbwa.

Kageha akaja akivuka kwenye magogo,
sufuria kichwani, imefunikwa kwa leso,
miguu tope na vipande vya chai yake.
Hakusalimu. Akaitua juu ya mizani yangu
pale tunapoweka vikapu, akafunua.
Mawe meupe, mengine kama maharagwe,
mengine kama mayai ya kwale,
yakigongana polepole.
"Shamba langu ni vijiti. Andika hii."

Nikamweleza utaratibu:
kinachohesabiwa ni kilichoingia chomboni chenyewe,
nacho chombo changu, mama, ni kikavu kama karatasi.
Akaliangalia daftari. Akaiangalia mbingu.
Akasema, bila kupaza sauti,
"Kwa hiyo haikunyesha."

Mizani ilisema kilo tatu na nusu.
Nilipotazama tena, mawe yalikuwa yamebaki machache
na maji yamepanda;
mshale haukuwa umesogea.

Asubuhi nikapima. Sifuri nukta sifuri.
Nikaiandika, kwa kuwa ndiyo niliyoiona.
Kisha pembeni, katika safu ya maelezo
ambayo sijawahi kuigusa ila kujaribia kalamu,
nikaandika mpaka nafasi ikaisha, nikageuza ukurasa:
Ng'ambo ya mto, hatua mia nne, kwa Kageha Ludenyi.
Mvua ya mawe, dakika kumi na tano. Chai yote chini.
Yaliletwa kwa sufuria. Nimeyaona.

Ujumbe wa namba hauna mahali pa maneno hayo.
Nikapiga simu. Binti aliyepokea Kisumu akanyamaza,
nikasikia kiti kikisogezwa,
kisha akauliza: "Ludenyi, ni kwa D au kwa T?"

Jioni redio ikasema yaleyale.
Kageha alikuwa amefuata sufuria yake.
Akasikiliza akiwa wima mlangoni,
mkono mmoja kiunoni, hadi pale penye
baadhi ya maeneo,
akaitika, kama aliyeitwa na mtu wa nyumbani:
"Abee."