Risiti ya Thelathini na Tisa

Jumamosi tulikutana chumba namba sita,
kile kile cha hesabu, feni bado inalia upande wa kushoto,
na viti vile, ambavyo zamani vilitutosha,
sasa vinatubana kama viatu vya kuazima.
Tumenenepa, jamani. Wengine mvi tumezipaka hina.
Mwinyihaji, mwenyekiti, afisa mstaafu wa forodha,
akafungua kikao kwa dua na kikohozi,
kisha akanigeukia: "Mweka hazina, soma."

Nikasoma.
Injinia Mghanga, yuko Doha: ahadi elfu hamsini.
Makofi alishapigiwa, pesa bado ziko njiani.
(Makofi hayalipi ada. Ningeweza, ningeyapeleka benki.)
Daktari Nyevu wa Ganjoni: elfu kumi, taslimu,
hakungoja hata chai imiminwe.
Darasa la themanini na tisa: wamechangishana,
wamekosana, wamesusa.
Saumu Mbwana, Majengo: shilingi mia tatu.

Nyuma mtu akacheka.
Mwingine akauliza kwa upole, upole wa wembe:
"Huyo Saumu alihitimu lini?
Maana hiki ni chama cha waliohitimu."

Sikujibu. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwangu.
Nikatoa rejista ya zamani, pembe zimeliwa na mende,
nikamtafuta, nikampata kati ya Randu na Sidi,
jina limekatwa kwa wino mwekundu,
na pambizoni mwandiko wa karani:
Ameondoka muhula wa tano. Ada. Baki 11,400.

Wa tano! Na mihula ilikuwa sita.
Nikamkumbuka. Aliketi karibu na dirisha,
rula yake ilizunguka darasa zima ikarudi imemeguka.
Jumatatu moja kiti kikawa kitupu. Tukadhani homa.
Kufikia Jumatano tulishakiwekea mikoba.
Hatukuuliza.
Na hilo pia, mwenyekiti, liandikwe kwenye kumbukumbu.

Nikarudi kwenye daftari langu, nikapiga hesabu,
hesabu niliyofundishwa chumba hiki hiki:
mia tatu, kila tarehe mbili,
hata mwezi wa mafuriko,
hata mwezi ule aliomzika mumewe,
mara thelathini na nane.
Elfu kumi na moja na mia nne.
Si senti zaidi, si senti pungufu.
Ikabaki feni peke yake, inalia.

Jioni nikashika njia ya Majengo.
Nilimkuta anakanda unga wa mahamri ya kesho,
mikono nyeupe hadi viwikoni.
Nikamwambia: Bi Saumu, deni limekwisha,
chuo hakikudai kitu. Pumzika sasa.
Akanitazama kama mtu aliyetegewa mzaha usiochekesha.
"Deni? Deni la nani?
Mie nalipa kiti.
Sitaki kikae kitupu, mukakiwekea mikoba."

Alijua. Miaka yote hii, habari ya mikoba aliijua.

Nilitaka kumwambia juu ya Kadzo, binti wa Rabai,
mwaka wa pili, ufundi wa umeme,
aketiye pale dirishani kwa pesa zetu za kuchangachanga,
kwamba muhula wake wa tano umelipwa tangu juzi.
Maneno yakakwama.
Akanipa hamri la jana, nikalitafuna bila chai,
na nilipotia mkono mfukoni akanizomea.

Tarehe mbili, alfajiri, ningali juu ya mswala,
simu ikatetema:
Umepokea shilingi mia tatu kutoka kwa SAUMU MBWANA.
Nikafungua kitabu cha risiti, nikapachika kaboni,
nikaandika, mkono nikiusihi usitetemeke:
Namba thelathini na tisa.
Na pale penye *Kwa ajili ya*,
ambapo siku zote huandika "mchango",
nikaandika: kiti.