Mizunguko Miwili kwa Mkono

Newala maji ni ya kubembelezwa.
Yanapandishwa kutoka bondeni, yanapimwa kwa ndoo,
yanalala chini ya kufuli.
Ndiyo maana nilicheka peke yangu
nilipochomoa kijiti cha oili cha Hailaksi ya Mzee Nambunga,
ile inayobeba tangi,
nikakuta oili imegeuka chai ya maziwa.
Kumbe maji yapo, nikamwambia Chinduli.
Yamekosea njia tu.

Gasketi iliungua kati ya silinda ya pili na ya tatu,
jeraha jembamba kama ukucha.
Siku nne hedi iko Masasi inachongwa,
siku nne wanawake wananipita na ndoo tupu,
wananiamkia kwa sauti kuliko kawaida.

Leo imerudi.
Nimelaza rula ya chuma juu yake, kona kwa kona,
nikatafuta mwanga chini ya rula.
Haukupita.
Matundu ya bolti tumeyakausha moja moja kwa tambara na kijiti:
tone likibaki chini, bolti italibana,
na chuma hakina pa kukoholea,
kinapasuka.

Renchi ya kupimia nimeiazima Ndanda,
naibeba kama mtoto wa watu.
Marehemu Fundi Likwena hakuwa na renchi hii.
Alikuwa na bega lake, na beti moja:

    Kaza kuanzia kati, utoke nje kwa duara;
    mwenye pupa na bolti, hufungua kwa hasara.

Bolti kumi na nane.
Raundi ya kwanza ni salamu.
Ya pili, wanajuana.
Ya tatu renchi ikalia tik, Chinduli akaruka.

Sasa alama.
Moja kwenye krenki, moja kwenye kamshafti, moja kwenye pampu ya dizeli,
nukta za kutobolewa, ndogo kuliko chawa.
Nimezipaka chokaa ili macho yasidanganye,
kwa sababu yaliwahi kunidanganya.
Ilikuwa jino moja.
Beliti imeruka jino moja tu, nami, Somoe, nikampa mwenye gari ufunguo.
Pistoni haimsubiri aliyechelewa kutoka mlangoni.
Valvu nne zilipinda kama misumari kwenye mbao ya mpingo,
na korosho za mama, msimu mzima,
zikaishia kwenye injini ya mtu nisiyemjua hata ukoo.
Mama hakusema kitu.
Alikung'uta magunia, akayakunja.

Kwa hiyo, Mzee, keti.
Betri iko kule uani juu ya ubao, na itakaa huko.
Ufunguo uko mfukoni mwangu.
Chinduli, shika ringi ya thelathini, zungusha krenki,
pole pole, kwa njia yake, usirudi nyuma.
Ukisikia inagoma, usiibishie. Niite.
Mzunguko mmoja.
Wa pili.
Naona jasho likimtiririka sikioni, namwona akisikiliza kwa kiganja.
Chokaa ikakutana na chokaa,
zote tatu, kama watu waliopatana saa.

Mzee Nambunga kasimama tayari. Washa basi, binti.
Bado.
Hesabu vyombo, Chinduli.
Akahesabu kwenye gunia: kumi na tano.
Akahesabu tena, midomo ikicheza.
Tulianza na kumi na sita.

Hakuna aliyesema neno.
Ringi ya thelathini ilikuwa palepale alipoiacha,
imening'inia kwenye bolti ya krenki, imetulia, haina kosa,
inangoja stata iirushe
usoni mwa atakayekuwa ameinama.
Na aliyezoea kuinama hapo ni mimi.

Kijana akaichomoa, akaifuta, akailaza mahali pake.
Mkono ulimtetemeka. Nikauacha utetemeke;
utamfaa siku nisipokuwepo.

Kalete betri, nikasema.
Ibebe kwa mikono miwili.