Nne Kasoro

Leta mguu, Mbusa. Siyo huo, ule uliovimba.
Kisigino hapa, juu ya paja langu,
usiogope aproni, imeshaona vumbi la Goma nzima.

Wiki ya sita tangu chukudu ikupindukie
kwenye mteremko wa Kibumba, na viazi magunia manne,
breki yako kipande cha tairi na wayo juu yake.
Tairi lilishika.
Kifundo ndicho kilichoachia.

Kwanza natazama tu. Halafu kidole gumba changu
kinafuata mfupa wa nje, mwembamba kama mpini wa mwiko,
kinashuka mpaka kwenye kano ile fupi ya mbele,
na hapo unavuta hewa kwa meno.
Samahani. Ndipo penyewe.

Humu ndani mna mifupa ishirini na sita,
na mmoja, talusi, haukushikwa na msuli hata mmoja:
unakaa katikati, unabebeshwa mwili mzima,
majirani wakisukuma, nao unakwenda.
Unacheka. "Mama Kine, huyo njo mimi kabisa."

Vuta vidole vije kwako.
Digrii nane, kwa kipimo cha plastiki
ambacho spiriti imekwisha kula nusu ya tarakimu zake.
Sasa kanyaga hewa, kama unafunga breki.
Thelathini na tano, na hapo unasita.
Msuli haujachoka. Umeuona mteremko.
Geuza wayo ndani, kama unataka kuusoma.
Geuza nje.
Nje, Mbusa.
Nje ndiko kugumu.

Sasa nguvu. Sufuri ni mguu uliokaa kimya.
Moja, msuli unashtuka chini ya ngozi
kama kope ya mtoto anayejifanya amelala.
Mbili, unakwenda, lakini ukilazwa ubavu,
uzito wake ukiwa umesamehewa.
Tatu, unajiinua wenyewe, basi, usiombwe zaidi.
Nne na tano ni habari ya mkono wangu.

Na hapa kuna jambo ambalo fomu haina nafasi yake.
Asubuhi mkono huu ni jiwe,
saa kumi na moja jioni ni kitambaa.
Jana mama mmoja wa Ndosho nilimpa tano
na mpaka sasa sijui
kama nguvu zilikuwa zake zimejaa
au zangu ndizo zilizokwisha.

Sukuma kwa nje. Usiniache nishinde.
Ukucha wako mweusi unanitazama,
mguu unatetemeka, unashika, unashika,
halafu unaachia polepole
kama muuza sombe anayekubali bei usiku ukiingia.

Simama. Vidole viwili tu ukutani, mguu mmoja,
kisigino juu, kisigino chini, mara ishirini na tano.
Unahesabu kwa sauti kama anayepokea mzigo.
Kwenye kumi na moja goti linaanza kuiba.
Nyoosha. Nimeliona.
Kumi na nne,
na kisigino kinabaki na sakafu yake.
"Zingine ziko," unasema, "zimejificha tu."

Naandika nne, na pembeni kimstari.
"Nne juu ya ngapi?" Juu ya tano.
"Basi nimepasi. Na hiki kimstari?"
Kasoro.
"Kasoro ya nani?"
Nasaini fomu.

Nilikuambia wiki tatu zaidi. Ulisema ndiyo, mama.
Lakini dirishani naona ndugu yako ameiegemeza chukudu
kwenye ukuta wa mawe ya volkano,
nawe unaizunguka kama mtu anayerudi kwa mke.
Unajaribu kusukuma kwa mguu mzima:
unakuwa mshamba, gurudumu la mbao linalia,
ndugu yako anashika mdomo.
Unabadilisha.

Wayo ule ule, juu ya lava isiyo sawa hata mahali pamoja,
vidole vinatafuta, vinapata,
kisigino kinanyanyuka.

Kumi na tano, nahesabu,
na nafungua dirisha nikugombeze.