Bakuli la Vikombe Vitatu

Nimekwenda dukani Mabela na kitunguu mkobani.
Kimoja, chekundu, ndani ya mfuko wa mkate,
pamoja na tembe tatu za thomu,
kwani hakuna mashine isiyokata ikiwa bado imo ndani ya boksi.

Nje Agosti inachoma mpaka kivuli.
Ndani baridi ya kuvalia sweta,
na rafu nzima ya mashine zimejipanga
kama maharusi wasiojuana.

Shibu ananijua tangu friji la kwanza.
Kanipeleka moja kwa moja kwenye jitu lenyewe,
kwa Kiarabu chake cha dukani:
vikombe kumi na nne, mama, wati elfu moja,
unga inakanda, nyama inasaga, karoti inaparua.
Familia kubwa, mashine kubwa.

Familia kubwa.
Nikahesabu palepale, kwa vidole, mbele yake.
Hilali yuko Sohar bandarini, anakula mkahawani.
Shinuna kaolewa Salala.
Muhanna yuko chuoni Nizwa, simu yake hulia ada ikikaribia.
Nimebaki mimi na Thuwaini,
na Thuwaini daktari kamkataza chumvi, samli
na furaha nyingine ndogo ndogo.

Jitu ninalo, Shibu.
Limelala kabati la chini, nyuma ya masufuria ya Idi.
Kulitoa, kupiga magoti. Kuliosha, vipande tisa.
Ukilipa kitunguu kimoja kinajibandika ukutani,
kisu kinapita katikati
kinakata hewa.

Wifi yangu Ghaliya kanipigia nikiwa bado nimesimama:
"Kidogo hununua aliyekata tamaa. Na wageni je?"
Nikamwambia mtandao mbovu.

Nikatoa kitunguu, nikaomba kisu, nikakigawa robo.
Shibu akaitazama kamera ya duka, akachomeka plagi.
"Bonyeza, achia," nikamwambia. "Bonyeza, achia.
Ukishikilia, kinakuwa maji."

Robo ya kwanza ikawa uji.
Ya pili ikatoka mapande, na mota ikanuka waya.
Ya tatu, katika kile kidogo cha kijivu
kilichowekwa chini kabisa, karibu na pasi,
ikatoka punje punje, sawasawa, kama iliyokatwa na mtu mwenye subira.
Nikatia thomu. Haikuruka, haikujificha.
Kifuniko kimoja, kisu kimoja, bakuli moja:
vitu vitatu vya kuosha, na kiganja changu kinakizunguka chote.

Duka zima likanuka kachumbari.
Bibi mmoja wa Kibulushi akaacha birika alilokuwa akilichagua,
akanyoosha shingo: "Hiki bei gani?"
Riyali kumi na mbili na baisa mia tisa.
Robo ya nne nikamwachia yeye ajaribu.

Thuwaini alipokiona juu ya meza ya jikoni
aliuliza kama ni cha kuchezea mwanasesere.
Usiku alikula mara mbili,
akasema samaki leo ana kitu, hajui nini.
Ni tangawizi, kotmiri na pilipili moja ya kijani,
sekunde kumi. Bonyeza, achia.

Shinuna kaandika: mama, Idi tunakuja wote, una ile mashine kubwa bado?
Ipo, mwanangu, pale pale.
Atakayeitaka
na apige magoti.