Ukurasa wa Kumi na Saba

Kitabu cha kahawa kiko kwangu sasa,
jalada limeliwa na mende pembeni.
Ratili mia mbili na arobaini: Ndesario.
Ratili mia tatu kasoro nne: Ndesario.
Babu miaka hiyo alikuwa Nairobi, kwenye reli,
akituma barua Krismasi hadi Krismasi.

Aliyechuma ni bibi, Ndeanasia,
vidole vyeusi kwa utomvu wa migomba.
Aliyemenya, aliyeosha, aliyeanika,
aliyeamka usiku kusikiliza mvua
na kubeba gunia hadi mizani ya Uru
kabla jogoo wa padri hajawika.

Hamsini na nane ikatangazwa kura.
“Wanawake pia,” alisoma katekista,
akakohoa,
akahamia matangazo ya ndoa.
Bibi hakukohoa.
Jumatatu aliteremka Moshi, viatu mkononi,
akavivaa alipovuka Rau.

Karani hakuwa mtu mbaya. Alimpa hata kiti.
Darasa la ngapi, mama?
La pili, misheni.
Kazi ya mshahara?
Bibi akacheka.
Basi kipato. Una cha kuonyesha?
Akafungua leso, akatoa kitabu hiki hiki.
Karani akajumlisha kwa penseli, akaguna:
fedha zinatosha, na chenji inabaki.
Kisha taratibu, kama anayemrudishia mgonjwa cheti,
“Lakini mpiga kura hapa ni Ndesario.”

Mjomba akisimulia huweka kofi mezani.
Hapakuwa na kofi.
Alisema tu, “Mizani haikuniuliza jina,”
akafunga leso,
akapanda mlima.

Msimu uliofuata hakugusa kikapu.
Buni zikawa nyekundu, zikawa nyeusi,
zikaanguka puu, puu, kwenye majani makavu,
na majirani wakapita wakitazama pembeni.
Mwezi wa pili akaja katibu wa chama
na jani la isale, akaliweka kizingitini.
Bibi alilitazama hadi chai ikapoa.
“Kalamu umekuja nayo?”

Ukurasa wa kumi na saba, wino mwingine:
Ndeanasia. Ratili mia na tatu.
N yake imekwaruzwa kwa nguvu
karibu itoboe karatasi.

Kura yenyewe aliipiga sitini na mbili,
wakati hata asiye na mche mmoja aliruhusiwa.
Tulimuuliza ilikuwaje.
“Foleni,” alisema. “Foleni na vumbi.”
Akachukua mundu, akaenda kukata majani ya ng’ombe.